Mbuzi Mwizi wa Ballyfarna

Mwaka ule baridi ya kijiji cha Ballyfarna ilikuwa kali hata padri akafupisha mahubiri, jambo ambalo vita viwili havikuwahi kumfanya alifikirie.

Attracta Lavelle, miaka tisa, aliamka gizani kila siku. Alikoroga uji wa shayiri, akawavika soksi wadogo zake watatu, kwa kuwa mama yao alikuwa amelazwa hospitali ya kifua tangu Septemba na baba alikuwa Uingereza akijenga barabara za watu. Alipofika shuleni alikuwa hoi kama mtu aliyeshinda akipakua makaa.

Mwalimu Hanratty alikuwa na sheria moja: kila mtoto aje na tofali la kinamasi, ule udongo mweusi unaochimbwa na kukaushwa kiangazi ili uchomwe kama kuni. Aliyeleta alikaa mbele, karibu na moto. Aliyekuja mikono mitupu alikaa nyuma, mlangoni, apigwe na upepo. Kwa Attracta dawati la mbele lilikuwa kitanda. Hapo tu ndipo aliposinzia bila mtu kumwomba mkate.

Kwao kiangazi kile hakukuwa na wa kuchimba. Basi kila asubuhi alichomoa tofali moja kwenye rundo la jirani yao, mjane Gilhooly, akalificha chini ya koti.

Alhamisi moja mjane akaingia darasani bila hodi.

"Mwalimu, naibiwa matofali."

Attracta akalibana koti lake kifuani.

"Na nani, mama?" Mwalimu alikuwa ameupa moto mgongo, akijikausha makalio kama kawaida yake.

Mjane akapitisha macho dawati kwa dawati. Yakafika kwenye koti la Attracta, lililojaa vumbi jeusi, yakatua hapo.

"Mbuzi," akasema.

"Mbuzi?"

"Dume. Ndevu mpaka magotini. Analibeba tofali mdomoni kama mzee na kiko chake."

"Tangu lini mbuzi akala udongo?"

"Nani kasema anakula? Anakwenda kuota moto. Hata yeye ana mifupa!"

Darasa likaangua kicheko. Concepta Looby akampiga Attracta kiwiko. "Meee! Mbuzi mwenyewe huyu hapa."

"Funga bakuli lako," Attracta akamjibu.

Mwalimu akamtazama mjane, akamtazama Attracta, akakohoa. "Basi, mama, mfunge huyo mbuzi."

"Ndicho nilichojia."

Saa ya kutoka, mjane alikuwa getini.

"We mbuzi, njoo. Unachomoa ya chini, siku moja rundo zima litakuzika. Kuanzia kesho pita mlangoni nikupe kavu. Usinishukuru! Jioni utaniletea ndoo mbili za maji, utaokota mayai, na Jumamosi utanisugulia ngazi."

"Ndiyo, bibi."

"Na uje na hao wadogo zako. Viazi utamenya wewe, sufuria yangu ni kubwa."

Attracta akaenda zake akijumlisha kichwani: uji, soksi, maji, mayai, ngazi, viazi. Fimbo za Mwalimu zingekuwa sita, zikaisha siku hiyohiyo. Huruma ya mjane ingedumu mpaka mama apone.

Kesho yake alipewa tofali kavu, akaketi mbele, akalala fofofo kabla sala haijaisha. Mwalimu alisogea kidogo, moto umfikie mtoto, akaendelea na hesabu kwa sauti ya chini.