Maji Aliyoyakataa Mama Chadia

Mwezi wa kumi, mjini Kalemie, jua halina adabu. Saa tatu asubuhi mabati ya nyumba yameshaanza kulia, na hata mbuzi wanagombania kivuli. Chadia, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa amekaa barazani, miguu ndani ya beseni, kitenge kilicholowekwa kikimpoza mabega. Kwa kujitunza hakuwa na mshindani: mchana alilala, chumvi alipunguza, jioni alitembea taratibu kando ya ziwa. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomshinda kila mtu. Maji hakunywa mpaka jua lizame.

Nesi alikuwa amemgombeza. Idi, mumewe, alibembeleza hadi akachoka. Chadia aliwacheka wote wawili. Mama yake hakunywa maji mchana alipokuwa na mimba ya Yassine, mdogo wake Chadia, basi hao wa siku hizi wangemfundisha nini?

Mama alikuwa amefariki miaka mitano iliyopita, na tangu mimba iingie Chadia alimkumbuka kila siku. Alimwona katika ile nyumba yao ya karibu na reli, amekaa mkekani, mgongo ukutani, akiwagawia watoto maji kwa kikombe cha bati. Zamu yake ikifika, alitikisa kichwa.

"Miye hapana. Maji ya muchana inavimbisha mwenye mimba."

Alisema hivyo akitabasamu, kisha akaendelea kuimba na kuwapepea kwa ncha ya kitenge. Ah, siku zile! Chadia alikuwa na miaka saba, na aliamini hakuna raha duniani iliyozidi ile. Sasa, kila alipovumilia kiu, alijiona yuko tena kwenye mkeka ule.

Ila leo mtoto hakuwa amecheza tangu alfajiri. Chadia alijigusa tumbo, akajigeuza, akajigusa tena. Zabibu, mdogo wake marehemu mama, alipoingia uani na kapu lake la dagaa, alimkuta bado anajipapasa tumbo.

"Mama mudogo, mutoto hachezi."

Zabibu alimtazama midomo iliyokauka. "Umekunywa maji leo?"

"Bado. Unajua mama hakukuwa anakunywaka muchana."

Kapu likatua chini. Zabibu alikuwa mwepesi wa hasira, na Chadia alijikunja akingoja matusi. Hayakuja.

"Mwanangu, ile ilikuwa vita," Zabibu akasema polepole. "Robine za maji zilikauka muji muzima. Maji tulikuwa tunachota ku ziwa, na njia imejaa waaskari. Bidoni moja kwa siku, na ninyi watoto wane. Yaya, mama yenu, alikuwa anawaachia ninyi. Ile maneno ya kuvimba alitunga mwenyewe, ili musikatae kukunywa."

"Na yeye alikuwa anakunywa nini?"

"Usiku, ile yenye ilibaki. Siku zingine haikubaki. Alianguka mara mbili, Chadia. Akanikataza kuwaambia."

Miaka ishirini na zaidi Chadia alikuwa ameitunza kiu ya mama yake akidhani ni hekima. Zabibu alimletea kikombe, Chadia akakinywa chote, akaletewa kingine. Kisha pikipiki ikasimamishwa barabarani, wakaenda kwa nesi mwendo wa pole.

Nesi alimlaza kwa ubavu wa kushoto, akampa maji tena, akaweka chombo chake tumboni. Alisikiliza kwa muda mrefu, uso umekunjamana. Kisha tumbo likaruka upande mmoja, teke kamili, hata chombo kikasogea.

"Huyu hapa!" nesi akacheka. "Moyo wake unapiga muzuri." Lakini alipoinua macho alimkuta Chadia analia kwa kwikwi. "Sasa Mama, mutoto iko muzima. Unalia nini tena?"

"Mama yangu alikuwa na kiu," Chadia akasema, "na miye kila siku nilikuwa namuomba kikombe cha pili."