Kadi Mbili, Chapa Moja

Jumamosi, tarehe nane Februari 2025, saa nne na nusu asubuhi, nilimwona mke wangu akicheza kwenye skrini ya Mheshimiwa. Saado alikuwa amekufa miaka miwili na miezi minne iliyopita.

Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma, kwenye viti vya plastiki, pamoja na watu wengine walioitwa kuona jengo la kujifungulia likifunguliwa. Sikwenda kwa kupenda. Nilitaka kuwaona kwa macho watu ambao, siku Saado alipokuwa akivuja damu, walikuwa na ambulensi ndani ya ua, ina mafuta, ina dereva, ila hakuna wa kuitilia sahihi. Hotuba zilichelewa, ndiyo kawaida yao, wakatuwekea video ya muziki ili tusiondoke. Ulikuwa wimbo wa Maka, yule mwimbaji ambaye vijana wetu wanamfuata kama ndama. Zikapita picha za ngamia, za mto, za wasichana kwenye sherehe. Halafu akaja Saado.

Kichwa wazi. Dirac ya kijani, gauni letu la sherehe. Anazunguka katikati ya wanawake wanaopiga makofi, mikono juu. Mdomo wake unafunguka na kufungika, na kinachotoka ni sauti ya Maka.

Mwanamume aliyekuwa mbele yangu alitema jani la miraa akasema, "Huyu mama anajua kucheza."

Mwenzake akasema, "Wa zamani hao. Wa siku hizi wanatikisa simu tu."

Nikapita katikati yao, nikaenda hadi kwenye jenereta, nikang'oa waya.

Askari akanishika bega. "Mzee, uko sawa?"

"Huyo ni mke wangu."

"Basi si ufurahi? Ameonekana mbele ya Mheshimiwa."

"Niitie kijana aliyeweka hiyo picha. Abdikarim. Ni mtoto wa binamu yangu."

"Utamwona hotuba zikiisha."

Akaja bwana mmoja wa ofisini, shati jeupe, kalamu mfukoni. Aliniambia, kwa upole kabisa, niandike barua ya malalamiko. Wanapenda barua hao. Ni barua ndiyo iliyokuwa ikingojwa siku ile ambulensi ilipolala uani. Nikamwambia niliishia darasa la nne. Akasema basi nitafute mtu wa kuniandikia. Wakaniketisha nyuma ya gari lao, waya ukarudishwa, nikasikiliza hotuba zote mpaka mwisho.

Sasa nieleze ile picha ilivyofika pale.

Binti yangu Ruweyda ana kibanda cha bati karibu na soko, hapa Garissa mjini. Kazi yake ni kugeuza video. Vijana wanaotengeneza video za waimbaji wanaowapenda wanamletea picha za kila aina, za simu, za kamera, nyingine za simu zilizokufa zamani. Ukizichukua hivyo hivyo ukaziweka juu ya wimbo, miguu inachelewa ngoma, kwa sababu kila simu ina mwendo wake. Lazima kwanza zigeuzwe ziwe aina moja na mwendo mmoja. Na sauti yake inatolewa, maana wimbo ndio utakaowekwa. Ruweyda anazipanga foleni kwenye kompyuta, anaiacha ijifanyie, anakwenda kupika. Hakai kuzitazama. Atatazama ngapi?

Mimi nakaa mlangoni, napokea memori kadi. Majina kusoma yananichosha, kwa hiyo kila kadi naitia alama kwa rangi nyeupe ya kucha, chapa ya ngamia wa ukoo wa mwenyewe. Mtu akija namuuliza, ninyi chapa yenu ipi? Anacheka, ananichorea mchangani. Sijawahi kukosea. Kadi hata mia, naziona kama mifugo kisimani.

Ndani ya mkebe ule ule nilikuwa nimeweka kadi yangu mwenyewe, nayo nimeitia chapa yetu. Dada yangu Sahra alirekodi harusi ya mpwa wetu kule Masalani, upande wa wanawake, miezi michache kabla ya Saado kufa. Upande ule mwanamume haingii wala haangalii, wanawake wanakuwa wamevua mitandio. Huko Saado alisimama akaimba buraanbur, mashairi yao ya kuchezea, akatunga palepale, na mimi nikatiwa mashairini. Kesho yake kila mwanamke niliyekutana naye alikuwa ananitazama na kucheka. Nikamuuliza Saado, "Umesema nini juu yangu?"

Akasema, "Utasikia siku moja. Leo kichwa chako kitavimba."

Baada ya mazishi Sahra alinipa kadi. "Usiitazame hivi ilivyo," akasema. "Kuna wake za watu. Ruweyda atakukatia, abaki Saado peke yake." Simu ya Sahra yenyewe ilianguka ndani ya Tana akivuka kwa boti, kwa hiyo kadi ile ndiyo yote iliyobaki. Nami nilimwambia Ruweyda mara nyingi. Kila mara alijibu, "Aabo, baba yangu, si sasa. Siwezi kumwona bado." Sikumlazimisha. Nilijua ipo.

Halafu, wiki moja kabla ya Jumamosi ile, Abdikarim akaleta yake. Amelelewa Nairobi, hakumjua Saado hata kwa uso. Anarekodi kwa ofisi ya Mheshimiwa; akiwa hana kazi huko anatengeneza video za Maka na kuzitia mtandaoni. Ni wa ukoo wangu. Chapa yake ni chapa yangu. Nikapaka rangi, nikatupa mkebeni. Ruweyda akazikuta mbili za chapa moja, akazigeuza zote kama kazi ya mtu mmoja, akamtumia; nami nikamrudishia Abdikarim kadi moja, nyingine nikaifunga kitambaani.

Hotuba zilipoisha nilimkuta chini ya hema akikunja nyaya.

"Adeer, ami yangu, ni wewe ulinizimia?" akauliza. "Mheshimiwa ameniuliza kama jenereta ni ya babu yangu."

"Picha ya yule mwanamke wa kijani umeitoa wapi?"

"Kwenu. Si Ruweyda alinigeuzia? Nilishangaa kidogo, lakini nikadhani kanisaidia, kaniongezea." Alipouona uso wangu akaacha nyaya. "Adeer. Ni nani yule?"

"Ni Saado. Kadi iko wapi?"

Alifungua kamera, akatoa kadi, na juu yake nikaona kazi ya mkono wangu mwenyewe, chapa yetu nyeupe. Alikuwa ameifuta asubuhi ili apate nafasi ya kurekodi hotuba.

Nyumbani nikafungua kile kitambaa nilichofungia kadi niliyodhani ni yangu. Ruweyda akaitia kwenye kompyuta. Ngamia. Mto. Wasichana kwenye sherehe.

Akahangaika na ile ya kwenye kamera hadi magharibi. Kuna programu ya kurudisha vilivyofutwa, lakini mahali palipokuwa na Saado palishajaa, dakika arobaini za Mheshimiwa akizungumza juu ya akina mama. Ruweyda anasema kama ningemfikia Abdikarim kabla ya hotuba kuanza, huenda angeiokoa. Askari yule nimemtafuta nimwambie. Amehamishwa.

"Iliyogeuzwa ipo, aabo," Ruweyda akasema, analia. "Picha yote ipo. Abdikarim ameshaiondoa video mtandaoni."

"Na sauti?"

"Za muziki huwa natoa sauti."

Alikata kama Sahra alivyoagiza, akafunika wanawake wengine. Nimemtazama Saado mara nyingi sasa. Kuna mahali anageuka, ananyoosha kidole mlangoni, mdomo unakwenda, na vivuli vya wenzake vinainama kwa kicheko. Ruweyda ameipunguza mwendo mpaka mdomo unatambaa, hatukupata hata neno.

Nilisafiri hadi Masalani kumuuliza Sahra. "Nilikuwa nimeshika simu, walikuwa wanapiga makofi," akasema. "Nilisikia jina lako, halafu wote wakaanguka kwa kicheko. Maneno yalikuwa ya siku ile tu, walaal, ndugu yangu."

Nimewauliza wengine saba waliokuwepo. Kila mmoja anakumbuka kicheko.

Saado alisema nini juu yangu?