Jina la Waliookotwa

…na isigande, ndilo walilomwambia, koroga isigande, basi Casilda anakoroga, mkono umezama hadi juu ya kifundo ndani ya beseni la damu ya nguruwe, ya kutengenezea soseji, ambayo bado ina joto la mnyama, nyuzi zinamzonga vidoleni kama nywele zilizoziba bomba, mimba inampandisha kichefuchefu kooni, na baba mkwe, mzee Saturio, kisu kingali mkononi, mafuta yanang'aa kidevuni, amesharudi kwenye lile lile, jina, jina, "Matamoros, mwanangu, unajua maana yake? Muua-Wamoro! Babu yetu alichinja Waislamu hadi farasi wake akawa anateleza!" na wanaume wanacheka, wanagonganisha glasi, Fermín naye anacheka, mume wake, yule aliyemwapia kwamba wataamua wenyewe, kati ya majina mawili ya ukoo ambayo kila mtoto hubeba, lipi litangulie, la baba au la mama, sheria inaruhusu… anacheka huku anapangusa mdomo kwa kiganja, na Casilda anautazama ule mdomo, aliwezaje kuubusu… "akizaliwa tu, Matamoros mbele!" anasema mzee, "hilo lako lifuate nyuma huko, likafe lenyewe, au unataka mjukuu wangu aitwe Expósito kama watoto wa ukutani?" watoto wa ukutani, ndiyo, ukuta wa masista, lile sanduku la mbao la kuzungushwa, mama anaweka kichanga upande wa barabara, anazungusha, sista anapokea ndani bila kuona uso wa mtu, na kwa kuwa hakuna ajuaye ni wa nani, wote wanabandikwa jina moja, Expósito, aliyeachwa nje, ndivyo alivyobandikwa babu yake baba, na shuleni walimfuata Casilda wakiimba zungusha, zungusha, kimetoka nini, naye akarudi nyumbani akalia, baba, libadilishe, wenzetu wanabadilisha, na baba akavaa koti lake la kanisani akaenda mjini, akarudi jioni na jina lile lile na maandazi ya moto kwenye karatasi, na yeye akayakataa maandazi, akamnunia, akamwona mwoga… "Wewe Casilda! Umeganda wewe au damu?" ni mama mkwe, Basilisa, anakatakata vitunguu, wanacheka tena, harufu ya vitunguu na utumbo uliooshwa kwa siki, mate yanamjaa, anayameza, nguruwe wa watu hana kosa, wanaomchefua ni hawa, wanaojivunia vichwa vilivyokatwa na kukionea aibu kitoto kilicholia gizani ndani ya sanduku… na sauti ya baba inamjia, polepole, maneno aliyoyasema siku ile mlangoni na yeye hakutaka kuyasikia, "Nilifika hadi mlango wa ofisi, Casi, nikamfikiria yule mtoto, hakuwa na kitu duniani ila jina hilo, nikilitupa nitakuwa nimemtupa mara ya pili," na yeye alimbamizia mlango, alimbamizia baba yake mlango… "Umesikia, binti? Matamoros mbele," na Fermín anaitazama glasi yake, na Casilda anakoroga, kichefuchefu kimekaa pale pale, ila ile aibu ya tangu shule anaitafuta na haioni, na tumboni mtoto anajigeuza, Expósito, anamwita kimyakimya, Expósito, na Fermín akitaka kucheka na acheke, humu ndani hatupwi mtu tena