Mlango wa Upande wa Kulia

Siku kinyozi alipofariki, maji yake ya kunyolea yalikuwa bado yanatoa mvuke. Alikuwa amefungua saluni, amepangusa kiti, amechemsha birika, kisha akaketi kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwa na desturi ya kuketi, na hakuinuka tena. Mkewe, msusi, alikuwa uani anaanika taulo. Aliporudi ndani alimwona kwanza kwenye kioo, kama alivyozoea kumwona, akamwambia aache uvivu. Alirudia kumwambia kabla hajageuka.

Ndevu zake zilikuwa zimeota. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, kwa hiyo ikabidi aitwe mpinzani wake wa ng'ambo ya barabara aje amnyoe. Yule bwana alijitahidi, machozi yakimtoka, lakini masharubu aliyaacha yamepinda upande mmoja, na msusi hajamsamehe mpaka leo.

Baada ya mazishi watu walimwambia ajikaze, wakaenda zao. Kilichobaki mezani kwake ni tiketi mbili ambazo binti yao alikuwa amewanunulia, za kutembezwa na kikundi kidogo ndani ya lile jumba kubwa la sanaa ambalo dunia nzima inalijua. Tarehe ilikuwa imeshapangwa na haikubadilika kwa ajili ya msiba wa mtu.

Habari ya tiketi hizo ilianzia kwenye kalenda. Kinyozi na msusi walifanya kazi bega kwa bega, yeye kiti chake na mkewe chake, wote wakitazama kioo kirefu cha ukutani. Nyuma yao, juu ya benchi la wateja, ilitundikwa kalenda kutoka jumba hilo. Picha yake ilikuwa ya mwanamke aliyeshika jagi, ameinua uso kuelekea mlango ulio wazi nusu. Mwaka ulipokwisha, kinyozi alichukua mkasi akakata tarehe na maandishi yote ya chini, akabakiza picha, ingawa mkasi uliimega kidogo ukingo wa chini. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Yeye alisema kuna mtu anaingia. Msusi alisema hapana, kuna mtu ametoka sasa hivi, na kamwachia mlango wazi kama kawaida yao wanaume. Walibishana mbele ya wateja, na wateja wakagawanyika. Akili ni nywele, kinyozi alikuwa akisema, kila mtu ana zake, na za mke wangu nimechoka kuzifagia. Maana ufagio nao walikuwa wakitegeana. Ndipo wakawekeana sharti kwamba siku watakapoiona picha yenyewe, atakayekuwa amekosea atafagia nywele za saluni siku zote za maisha yake.

Kisha masika moja bati likavuja, kalenda ikaoza, ikatupwa. Ubishi ukabaki.

Kwa hiyo msusi alikwenda. Hakwenda kutalii. Alikwenda kumaliza neno la watu wawili ambalo mmoja alikuwa ameliacha katikati. Tiketi ya pili aliichukua wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, kwa sababu hapakuwa na njia ya kumnyima.

Wifi alianza kulalamika tangu mlangoni. Viatu vilimbana. Begi lake lilikataliwa. Walipopewa vile vidude vya kuvaa sikioni ili wamsikie mtembezaji, alikivaa chake juu ya kitambaa cha kichwa, kisha akatangaza kwa sauti kwamba ni kibovu. Walibandikwa karatasi ndogo za kijani vifuani ili wasipotee, na mtembezaji, kijana mwembamba aliyeshika kibendera, akawaeleza sheria: kikundi ni kimoja, kinakwenda pamoja, na ukishavuka mlango wa kutokea huwezi kurudi tena.

Wenzao walikuwa bwana na bibi waliofunga ndoa karibuni, ambao kila picha waliipa mgongo ili wajipige wao, na mzee mmoja mstaafu ambaye wifi alimpa jina la Bwana Kwanini kabla hawajafika chumba cha pili. Mzee huyo aliuliza kwa nini fremu ni ya dhahabu, kwa nini farasi ni mnene, kwa nini watu wa zamani hawakucheka. Mtembezaji alimjibu kila swali, na jibu lilipokaribia kwisha, mzee alipata jingine.

Msusi alisubiri penye mwanya, akamuuliza kijana iko wapi picha ya mwanamke na mlango.

"Mama," kijana alisema kwa upole wa mtu aliyelipwa awe mpole, "humu wanawake wenye milango ni wengi. Inaitwaje?"

Hakujua. Jina lilikatwa na mkasi wa kinyozi pamoja na jina la mchoraji. Akaeleza: jagi, uso ulioinuliwa, mlango upande wa kulia.

"Upande wa kulia," wifi alikazia, kana kwamba alikuwapo.

Kijana akasema watakutana nayo njiani, labda.

Katika chumba cha tatu, chembamba na chenye kuta za rangi ya kijivu, wifi alimvuta mkono. Mbele yao kundi jingine lilikuwa limeziba picha moja, na juu ya mabega ya watu alionekana mwanamke mwenye jagi. Wifi akauliza kama siye huyo. Msusi akanyanyuka kwa vidole. Moyo ulimruka, kisha ukatua kwa kishindo. Huyu alikuwa ameelekea kushoto. Mlango wake ulikuwa kushoto. Mwanamke wao alielekea kulia, na kwa miaka yote hiyo hakuna siku aliyogeuza shingo.

"Siye," alisema. "Huyu amefanana naye tu."

"Mwanamke, jagi, mlango. Unataka akuitikie kwa jina?"

"Wifi, mimi nimekaa na picha ile kuliko nilivyokaa na wewe. Siye."

Mtembezaji aliwapungia kibendera. Aliposikia shauri lenyewe alisema kwamba picha ya namna hiyo ni hii tu, hakuna nyingine jumba zima. Msusi alimwambia basi walioitunza wameibadilisha. Kijana akatabasamu. Bwana Kwanini akauliza kwa nini waibadilishe. Na msusi, ambaye tangu siku ya birika hakuwa amempandishia mtu sauti, alimwambia mzee wa watu kwamba akitaka kujua kila kitu akaulize nyumbani kwake. Kisha kijana akageuka, akaongoza njia, na wote wakamfuata.

Kuanzia hapo kila chumba kilimkera. Akapita matunda, akapita vita, akapita wafalme wenye nywele ambazo, kwa jicho la kazi, zilikuwa za bandia na zimesukwa vibaya. Aliwatazama wanawake wote wenye milango. Mmoja alikuwa na mlango wa kulia lakini hakuwa na jagi. Mwingine alikuwa na jagi lakini alikuwa amelala. Wifi aliketi kwenye kila kiti alichokiona, kikiwamo kimoja kilichokuwa cha maonyesho, na mlinzi akaja mbio. Wale maharusi waliomba wapigwe picha. Mtembezaji alisema, "Na sasa tunakaribia mwisho," kama anayewapa zawadi.

Msusi aliwaza alivyomkasirikia kinyozi. Si kwa kufa tu, ingawa na hilo alimkasirikia. Alimkasirikia kwa kukata maandishi ya chini. Mtu mwenye mkono uliotulia kiasi cha kunyoa mtoto aliyelala, alishindwaje kuacha mstari mmoja wenye jina? Sasa angerudi nyumbani na ubishi ule ule, na wa kubishana naye hayupo.

Kabla ya mlango wa kutokea palikuwa na maliwato, na mtembezaji akawapa nafasi. Wifi alisimama mbele ya kioo kujifunga upya kitambaa, na msusi akasimama nyuma yake, kwa mazoea, akamshikia pini. Wakaongea kupitia kioo, kama watu wanavyoongea saluni. Wifi alisema basi, yamekwisha, mdogo wangu alikuwa na maneno mengi tangu utotoni, labda picha yenyewe haikuwapo. Msusi alikuwa anatazama ile karatasi ya kijani kifuani mwa wifi. Ilikuwa na jina la jumba, na kwenye kioo herufi zake zilikuwa zimegeuka, zinasomeka kinyumenyume.

Aliitazama karatasi yenyewe. Akaitazama tena kwenye kioo.

Pini ilimponyoka, ikaanguka kwenye sinki. Miaka yote ile hawakuwa wakiitazama kalenda yenyewe. Walikitazama kioo. Mteja akiongea, unamjibu kiooni. Mtu akiingia, unamsalimu kiooni. Mkigombana na mumeo, mnagombana kiooni. Kazi iko mbele, na picha ilikuwa nyuma. Nani angegeuka?

"Wifi," alisema, "ni yule."

"Yule nani?"

Alikwishatoka. Mtembezaji alimwona akipita upande usio wake, akamwita, akamkumbusha kwamba kikundi ni kimoja. Msusi alimwambia kikundi kimsubiri au kisimsubiri. Alirudi kwa wafalme, akarudi kwa vita na matunda, akipishana na watu waliomkodolea macho kwa sababu mshale ukutani ulielekeza kwingine. Sikioni sauti ya kijana ilikuwa inakwaruza, ikimwomba mama mwenye koti jeusi, tafadhali, halafu ikakatika. Alikichomoa kidude akakitia mfukoni.

Chumba cha kijivu kilikuwa karibu kitupu. Alisimama mbele ya picha na bado ilikuwa ngeni, mwanamke fulani anayetazama kushoto. Basi akafungua mkoba, akatoa kile kioo kidogo cha mkono anachowaonyeshea wateja visogo vyao, akaipa picha mgongo, akakiinua kioo usawa wa bega.

Alikuwa pale. Mlango kulia, uso umeinuka, jagi limeshikwa kwa mikono miwili. Ni yeye yule aliyewatazama walipopendana na waliponuniana, waliponyoa mchana kutwa na walipokaa bila mteja. Msusi alitaka kumwambia habari za msiba, kisha akaona haya.

Mlinzi, mtu mzima mwenye funguo nyingi kiunoni, alimsogelea.

"Mama, picha iko nyuma yako."

"Najua," alisema msusi.

Mlinzi alisita, akarudi kwenye kona yake.

Ndipo alipokishusha kioo kidogo, akaona chini, sehemu ambayo kalenda yao haikuwa nayo kwa sababu mkasi ulipita pale. Kizingitini, mlango unapoishia, palikuwa na ncha ya kiatu cha mwanamume. Kilikuwa na tope. Mwenyewe alikuwa bado amefichwa na mlango, lakini kiatu kilikuwa kimeshavuka, na kilielekea ndani.

Aligeuka, akainama akakitazama kwa macho yake, bila kioo. Kilikuwa ndani hivyo hivyo.

Kwa hiyo alikuwa amepatia, yule bwana. Alikuwa amepatia tangu mwanzo, na ushahidi aliukata mwenyewe, akaufagia pamoja na nywele, kisha akabishana miaka na miaka juu ya jambo lililokuwa mkononi mwake. Na sasa hata hayupo kutamba. Angetamba, msusi alijua, mpaka majirani wahame. Angemsimulia kila kichwa kitakachoketi kitini. Alimwona kabisa, wembe juu, akisema, si niliwaambia. Ilimkera kwamba hatakisikia kamwe kicheko chake cha ushindi, ikamkera mpaka akalia, pale pale chumbani, kilio alichokuwa amekibana tangu asubuhi ile.

Wifi alifika akihema, viatu mkononi, na nyuma yake mtembezaji na kibendera chake, na nyuma yao Bwana Kwanini. Kijana alifungua mdomo. Mzee alimgusa kiwiko, akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuuliza kitu.

Wifi aliitazama picha kwa muda. Hakusema habari za miguu.

"Anaingia," alisema mwishowe.

"Anaingia."

"Na mdogo wangu alikuwa anasemaje?"

"Anaingia."

Wifi alivuta pumzi, akampa kitambaa cha mkononi. "Basi wifi yangu," alisema, "umeshindwa."

Wakatoka pamoja, kikundi kizima, mlango ule ambao ukiuvuka huwezi kurudi.

Saluni sasa inafunguliwa kila asubuhi. Kiti cha kinyozi amekodishwa kijana wa mpinzani wa ng'ambo, na kijana ni hodari isipokuwa kwenye masharubu. Mara kadhaa amejaribu kuushika ufagio, kwa adabu, maana yeye ni mdogo. Msusi humnyang'anya. Jioni wateja wakiisha, yeye ndiye anayefagia.