Nywila ya Marehemu

Asubuhi ambayo cheti cha usalama cha tovuti ya idara ya maji kilikaribia kuisha muda, marehemu alifika kazini kabla ya wenzake, akatundika koti nyuma ya mlango na kuomba chai isiyo na sukari. Mlinzi alikuwa amempa beji ya mgeni, kwani kitambulisho chake kilirudishwa wiki ya mazishi.

Alikuja kila cheti kilipotakiwa kutengenezwa upya. Faili la usanidi, lenye maelekezo ya kutengeneza cheti, lilikuwa na jina la idara, jina la mashine na urefu wa ufunguo, lakini penye nywila palikuwa na jina la kigeu tu, yaani nafasi ya kujazwa baadaye. Thamani ya kigeu hicho iliwekwa kwa mkono kwenye mashine kabla ya kazi, na mashine ikizimwa ilipotea. Ndivyo inavyotakiwa, siri haiandikwi ndani ya faili. Marehemu aliitunza kichwani na kuzikwa nayo.

Kabla hajamaliza chai, mkewe aliingia na spana mkononi. Alimsalimu fundi, binti aliyerithi kiti cha marehemu, kisha akaeleza kwamba bomba la jikoni linavujia ndani ya ndoo tangu kabla mumewe hajaugua, na mtu mwenye nguvu za kuja kazini ana nguvu za kupita nyumbani.

“Nikimaliza hapa, mama watoto,” alisema marehemu, macho kwenye kioo cha kompyuta.

“Sikio la kufa halisikii dawa,” mkewe alimwambia fundi. “Hili limeshakufa na bado halisikii.”

Fundi alimweleza mama kwamba mzee akimwachia nywila, ofisi haitamhitaji tena. Mama akamgeukia mumewe.

“Mpe mtoto wa watu hiyo siri, baba watoto. Twende nyumbani.”

Marehemu alianza kufafanua hatari ya siri kujulikana na watu wawili. Mkewe aliinua spana. Marehemu akakohoa, akaitamka nywila: *leonitarudimapema*.

Mama aliitambua. Ndiyo sentensi aliyoagwa nayo mlangoni kila asubuhi, miaka yote ya ajira.

“Kumbe ulikuwa unaikariri,” alisema.

Fundi aliweka thamani kwenye kigeu, akaendesha amri, cheti kikatoka. Marehemu alivaa koti. Mkewe alishika spana. Mlangoni walikutana na mkurugenzi, ambaye alimpa mama pole ya msiba, kwa kuwa siku ya mazishi alikuwa kikaoni, kisha akauliza kazi imekwendaje. Fundi, ambaye hakulelewa kusema uongo, alimsimulia yote.

Mkurugenzi alisikitika. Kanuni ilikuwa wazi: nywila iliyotamkwa mbele ya watu hubadilishwa siku hiyohiyo, na mpya ijulikane na mtu mmoja mwaminifu. Alitazama waliokuwepo, akamteua marehemu, kwa hoja kwamba tangu afe hajawahi kuomba likizo wala kuonekana akipiga soga na wafanyakazi wa idara nyingine.

Marehemu alitundika koti tena, akaketi. Mkewe aliiweka spana mezani, kando ya kikombe, akauliza kama amwekee chakula.

“Weka,” alijibu, vidole vikiwa tayari kwenye vitufe. “Leo nitarudi mapema.”

Mama alishuka ngazi. Njiani alinunua ndoo, kubwa kuliko ile ya kwanza.