Gia ya Pili

Viateur aliuza matairi pale Muhima, na kama kuna ugonjwa uliomshika ukubwani, ulikuwa ile Datsun ya rafiki yake Gratien. Mwanamume mzima, ana duka lake na heshima zake, lakini gari lile likipita anamwacha mteja na tairi mkononi, anatoka barabarani kulitazama. Lilikuwa la milango miwili, rangi ya papai lililoiva, na injini yake iliwahi kukimbia mashindano enzi hizo. Halikuwa gari la kwenda kazini hata kidogo. Wiki nzima lilikaa chini ya turubai nyumbani kwa Gratien, juu kule Gatsata. Jumapili baada ya misa Gratien analifunua, anamkalisha mkewe Vestine kando yake, wanateremka Nyabugogo, wanapanda Muhima, wanakula brosheti zao, mishikaki ya mbuzi, wanarudi. Basi, kazi ya gari ikaishia hapo.

Kila mwaka Viateur aliuliza bei, na kila mwaka Gratien alicheka. Kwa hiyo siku ile ya kiangazi, mwaka wa tisini na moja, Gratien alipoingia dukani, akavuta kigoda na kusema kwa sauti ya chini, "Sha, rafiki yangu, lile gari bado unalitaka?" Viateur alipaswa kuogopa papo hapo. Hakuogopa. Tamaa ilikuwa imemziba masikio.

"Nalitaka," alisema. "Lini?"

"Kwanza nisikilize."

Vita vilikuwa vimeanza kaskazini Oktoba iliyopita, na Gratien alikuwa mmoja wa wale Watutsi waliozolewa mjini wakaambiwa ni vibaraka wa adui. Alikaa gerezani mpaka Aprili. Siku ya kwanza tu walimvua saa yake, na tangu atoke hajavaa nyingine. Ukimwuliza ni saa ngapi, anatazama jua. Sasa mtu aliyemwamini alikuwa amemnong'oneza kwamba watamrudia. Jumamosi alfajiri angepanda lori la kwenda Butare, na huko binamu yake angemtafutia njia ya kuvuka mto kuingia Burundi. Vestine angemfuata baadaye. Wasingeweza kuondoka pamoja, maana nyumba ikifungwa tu, majirani wameshajua.

"Na gari?" Viateur aliuliza. Msimcheke, ndilo neno lililomtoka.

"Gari ndilo la kuniokoa au la kuniua," Gratien alisema. "Jumapili lisiposhuka, Eustache atajua kabla jua halijazama."

Eustache alikuwa mkuu wa seli, yaani mtaa, kule Gatsata, na kazi yake, pamoja na nyingine, ilikuwa kujua nani yupo na nani hayupo. Kila Jumapili alikaa kwenye kabare, baa ndogo pale konani mlima unapopinda, mgongo kwa barabara, anacheza igisoro, bao la kwao, na wazee wenzake. Hakuwa na haja ya kugeuka. Gratien alipanda mlima ule kwa gia ya pili, injini ikiimba bonde zima, na penye kona alitoa mkono dirishani. Eustache aliinua wake bila kutazama, akaendelea na mchezo wake.

"Asiposikia, atakuja nyumbani," Gratien alisema. "Asiponikuta, watamchukua Vestine awaeleze nilipo. Mimi nitakuwa bado njiani. Unanielewa?"

Viateur alielewa. Gari lingekuwa lake, lakini Jumapili ile ya kwanza angeliendesha akiwa Gratien: kofia ya Gratien, miwani ya jua ya Gratien, shati la Gratien. Na mpaka Vestine naye aondoke, pasiwe na mtu wa kujua kwamba limeuzwa, kwa sababu siku hizo mtu wa aina ya Gratien akiuza hata kitanda, watu wanasema huyo ameshaondoka.

"Eustache mwenyewe ameniomba nimwuzie mpaka amechoka," Gratien aliongeza. "Afadhali nilichome moto."

Ningependa kuwaambia kwamba Viateur alikubali kwa ajili ya urafiki. Urafiki ulikuwepo, sikatai. Na gari nalo lilikuwepo. Kipi kilikuwa kizito zaidi, mwenyewe hakuthubutu kujiuliza. Alimkabidhi Gratien akiba yake yote, na jioni ya Ijumaa wakatoka wote wawili, Viateur akiwa abiria, kujifunza.

"Funga macho usikilize," Gratien alimwambia wakipanda. "Hapa watu wanalijua gari hili kwa masikio. Na kuna kitu kimoja. Gia ya pili huruka. Mlima ukishakolea, inajichomoa yenyewe. Unaishikilia kwa goti, hivi, ili mkono wako wa kushoto uwe huru kwa Eustache. Ukisahau goti, umetuua."

Jumapili Viateur alifika Gatsata kabla ya watu kutoka kanisani, akapita mlango wa nyuma. Vestine alikuwa ameshavaa. Alimwekea kofia kichwani mwenyewe, akamrekebishia kola. "Lori liliondoka jana salama," alisema. "Mengine sijui, shemeji."

Kuteremka hakukuwa kazi. Pale Nyabugogo, kwenye bariyeri, kizuizi cha jeshi karibu na daraja, askari walilizoea gari, wakawapungia mkono wapite. Muhima walikula brosheti ndani ya gari, vioo vimepandishwa, na Viateur hakusikia hata ladha ya nyama. Miaka yote alikuwa ameota kushika usukani ule, na sasa viganja vimelowa jasho mpaka unateleza.

Wakati wa kurudi, pale bariyeri alikuwa amesimama askari mwingine, kijana mgeni. Aliweka mkono juu ya boneti. Viateur akasimama.

"Gari hii iko kali," askari alisema, akiinama dirishani. "Inakimbia ngapi?"

Viateur alifungua mdomo. Sauti yake ilijulikana Muhima nzima, na wapita njia wengi pale darajani walikuwa wa Muhima. Akaufunga mdomo tena.

"Jino linamsumbua, afande," Vestine alisema, akimpitishia askari karatasi yenye brosheti zilizobaki. "Hawezi kusema. Nimemwambia akaling'oe, anaogopa sindano."

Askari alicheka, akachukua nyama, lakini mkono mwingine ulibaki kwenye boneti. Akatazama ile kofia. Akatazama miwani. "Ipige kelele kidogo nisikie," alisema. Viateur akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, na uso wa yule kijana ukafunguka kabisa, bunduki begani na mafuta ya nyama kidevuni. Akaondoa mkono. Wakapita.

Ikabaki mlima. Viateur aliingiza gia ya pili, akaegemeza goti, na kwa kitambo kidogo, naapa, alisahau kila kitu. Gari lilivuta. Bonde lote la Nyabugogo lilikuwa linamsikia, na furaha ikampanda mpaka akahisi machozi yakimlenga. Hapo ndipo penyewe. Mtu aliyeingiwa na furaha hulegeza mwili, na yeye akalegeza goti. Kona ikafika, akatoa mkono wa kushoto dirishani kama alivyofundishwa, na gia ikaruka. Injini ikalia juu kama mbuzi anayechinjwa. Akaikamata gia, akairudisha kwa nguvu, akanyoosha mwendo. Kwenye kioo cha nyuma aliwaona wazee wa kabare. Eustache alikuwa amegeuka.

Waliingiza gari uani, wakalifunika turubai. "Labda hakuona," Viateur alisema. Vestine alikuwa anatazama geti.

Eustache alikuja jua likiwa bado liko juu ya vilima, peke yake, bila haraka. Viateur alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, na shati la Gratien mwilini.

"Gratien yuko?"

"Amelala, mzee. Jino linamuuma."

"Mwamshe."

"Amelala sasa hivi tu, mzee, usiku kucha hakulala."

"Gia imeruka pale konani," Eustache alisema, kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Viateur. "Miaka yote hii sijasikia ikiruka. Nikashangaa, nikageuka. Na mkono uliokuwa dirishani ulikuwa umevaa saa."

Viateur alishusha macho. Saa ilikuwa pale pale kwenye kifundo cha mkono wake, inatembea zake. Shati amebadilisha, kofia amebadilisha, amesahau saa. Angeweza kuukata ule mkono kwa meno.

Halafu akamsikia Vestine kule sebuleni akivuta kiti. "Kaa kidogo, mzee."

"Sikuja kukaa."

"Basi simama, lakini nisikilize. Tuseme Gratien hayupo. Nasema tuseme tu. Utakwenda komini, kwa wakubwa wako, utawaambia. Watakuja kunichukua, hilo nalijua. Na gari?"

Eustache akasogea dirishani, upande wa uani.

"Gari watalichukua pia. Leo litalala uani komini, kesho litaamkia kwa mtu mwenye nyota mabegani. Hutalishika hata usukani. Wewe utabaki pale kabareni, mgongo kwa barabara, unasikia wengine wakipanda nalo." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini haikukatika. "Umemwomba Gratien akuuzie mara ngapi, mzee?"

"Nyingi," Eustache alisema, na lile neno halikutoka kama la mkuu wa seli.

"Sasa tuseme Gratien yupo, anaumwa. Jino limegeuka homa. Mgonjwa haendeshi gari. Amemwazima jirani anayemwamini, Jumapili zake zote, mpaka apone. Na wewe ukiwaambia watu umemwona kitandani kwa macho yako, nani atakuja kunigongea mlango?"

Viateur alisikia kuku wa jirani wakiparura nje.

"Niliwahi kuendesha lori la misheni," Eustache alisema mwishowe. "Ufunguo uko wapi?"

"Chumbani. Nakuletea."

Vestine alipita pazia. Alinyoosha mkono mbele ya Viateur, kiganja juu.

Hapa nitawaambia ukweli hata kama haupendezi. Viateur hakutoa ufunguo. Alikuwa nao mfukoni, ameufumbata, na alichofikiria ni kwamba akiba yake yote imekwenda na Gratien, haitarudi, na kwamba gari lile ameliendesha mara moja tu maishani, tena kwa jina la mtu mwingine.

"Ni langu," alinong'ona.

"Ndiyo," Vestine alinong'ona. "Ni lako."

Hakubishana naye, hakumbembeleza. Mkono ulibaki pale pale. Sebuleni kiatu cha Eustache kikakwaruza sakafu, na Vestine akafumba macho. Viateur aliona jinsi alivyofumba, kama mtu anayesubiri kupigwa, na aibu ikamshuka kutoka utosini hadi miguuni. Akatoa ufunguo. Akauweka kiganjani mwake, akavikunja vidole vya Vestine juu yake.

"Mwambie gia ya pili aishikilie kwa goti," alisema. "Asipofanya hivyo itaruka tena, na watu watageuka."

Wiki nzima Eustache alisimulia kabareni jinsi Gratien alivyochomwa na homa, na jinsi alivyomshika mkono akamwambia, mzee, gari nakuachia wewe. Kila aliposimulia alitia chumvi kidogo, mpaka watu wakaanza kumpelekea Vestine uji wa mgonjwa. Naye aliupokea, akashukuru, akafunga mlango. Jumamosi alisafiri kwenda Butare, eti kumwangalia dada yake aliyejifungua. Ruhusa ya safari aliandikiwa na Eustache mwenyewe, bila swali hata moja. Alipopita Muhima alisimama mlangoni kwa Viateur na mfuko mmoja tu mkononi. "Amefika Bujumbura," alisema. "Anakusalimu sana, shemeji." Akaenda kutafuta basi lake.

Kesho yake, Jumapili, Viateur hakwenda misa. Alifungua duka, ingawa siku hiyo hapauzwi kitu, na mtu mmoja tu alikuwa amekuja kuziba tairi la baiskeli. Mchana jua likiwa kali ikasikika ng'ambo ya bonde: Datsun inapanda Gatsata. Gia ya kwanza. Kisha ya pili, imekaa, imevuta. Viateur aliacha gundi ikakauka juu ya kiraka. Sauti ilipanda, ikapanda, ikafika konani, na haikukatika.

"Hilo si gari la Gratien?" mwenye baiskeli aliuliza. "Nasikia hali yake mbaya."

"Nimesikia amepata nafuu," Viateur alisema.

Goti lake la kulia lilikuwa limegandamiza mguu wa meza, na hakuliondoa mpaka sauti ilipoisha.