Jumapili Rufina Alipokwenda Kupanda Viazi

Usijifanye hukuona. Siku ile Gleb anapigiwa makofi ulikuwemo chumbani, nawe ulipiga, kisha ukageukia dirisha usije ukagongana macho na Rufina. Kuna wanaokumbuka.

Katika taasisi yenu ya utafiti ya Leningrad kuna pete kubwa ya chuma yenye uwazi ndani, imezungushiwa sumaku. Humo gesi hupashwa mpaka iwe moto kuliko jua, na sumaku huishika isiguse ukuta. Tatizo ni kwamba haishikiki. Kauchafu kakibanduka ukutani tu, moto unapoa na kufa kabla hujapepesa jicho. Wote pale walikuwa wanahangaikia jambo moja: kuushika kwa muda mrefu kidogo zaidi.

Rufina Arkadyevna alikuwa ameshasema, tangu nywele zake zikiwa nyeusi, kwamba dawa iko ukutani. Kila Jumapili wenzake walipokwenda mashambani kwao, yeye alibaki na pete, akipitisha gesi ya heli yenye cheche hafifu kutwa nzima ili kuukwangua ukuta. Lakini desturi ya pale ni hii: aliyeongoza zamu ndiye mwenye jaribio. Wa Jumapili hatajwi.

Basi Jumatatu ile zamu ilikuwa ya Gleb Savelyevich. Akaongeza gesi kidogo, akabonyeza kitufe, na moto ukakaa mara mbili ya kawaida. Watu wakaruka.

"Gleb, umelitia jua mfukoni!"

"Ni mkono tu, ndugu zangu. Wengine tumejaliwa mkono."

"Na ukuta?" akauliza Rufina.

"Aa, mama wa usafi naye! Mpeni ufagio wa dhahabu jamani, asije akalia!"

Walicheka. Mkurugenzi akamimina spiriti ya maabara kwenye vikombe, akatangaza kwamba Gleb atakwenda kuieleza "hali ya Gleb", ndivyo alivyouita moto ule uliokaa, kwenye mkutano wa nchi za nje, mara tu tume ya wakaguzi kutoka Moscow itakapoishuhudia wiki ijayo.

Rufina aliona wivu. Akimenya kiazisukari jikoni kwake, alimwona Gleb jukwaani, wageni wakiandika jina lake. Alichukia hata jinsi Gleb anavyokoroga chai. Alimwonea wivu hata mkewe, ambaye sasa angepanga foleni ya nyama huku akijisifu. Hali hiyo ilikuwa yake! Ameilea miaka yote, kisha mtu anakuja asubuhi kuiita kwa jina lake mwenyewe.

Jumapili iliyofuata Rufina alipanda treni, akaenda kwa dada yake kupanda viazi. Hakuharibu kitu. Aliacha tu kufanya kazi ambayo hakuna aliyewahi kumtuma. Hakuwa malaika, na alijua vizuri tume inakuja kesho yake.

Jumatatu Gleb akabonyeza. Moto ukafa. Akabonyeza tena, ukafa. Wageni wa Moscow wakaanza kutazamana. Gleb akawafokea watu wa sumaku, akaongeza gesi, akapunguza, shati limemganda mgongoni.

"Nani kagusa kitu?" mkurugenzi akanguruma.

"Huyu hapa!" Gleb akamnyooshea Rufina kidole. "Jana hakuja! Hakusafisha ukuta! Utanipaje ukuta mchafu halafu nishike moto?"

Hata Gleb mwenyewe alisikia alichokisema, maana kidole kilishuka polepole.

"Kwa hiyo, Gleb Savelyevich," akasema Rufina, "jaribio lile ni la nani?"

Kama ungetamka neno moja tu pale, mambo yangekwisha. Hukutamka. Mkurugenzi akajibu kwa niaba yenu wote: hii ni hujuma, Rufina Arkadyevna asiikaribie pete tena mpaka mkutano wa wafanyakazi uamue. Gleb anafungasha sanduku lake. Kosa ametupiwa Rufina, kwa hiyo safari iko palepale.

Na Rufina? Wivu haujamtoka. Amekaa kwenye benchi la korido, amevaa koti, anamsikia Gleb akicheka upande wa pili wa mlango, na kila kicheko kinamchoma.

Mkutano wa kumfukuza unaanza saa nane mchana. Watauliza nani anapinga. Ulisikia kwa masikio yako Gleb akikiri kuwa kilichoushika moto ni ukuta. Basi ondoka hapo ulipo, ingia ukumbini, simama mbele ya wote na uwaambie kazi ile ni ya Rufina. Usingoje mwingine aanze. Nenda sasa hivi.